Glavu Moja ya Nyanyake Mama

Mvua ya juzi ilinikuta na nguo kwenye kamba. Nikaziingiza ndani mbio mbio, nikatandaza sweta ya mume wangu kwenye kiti cha jikoni, halafu nikaenda kulala, maana siku hizi tumbo limekuwa kubwa na usingizi unaniangusha saa yoyote. Nilipoamka nyumba nzima ilikuwa inanuka sufu mbichi. Haki ya Mungu nilikaa kitandani nikalia kama mtoto. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshikwa na baridi, ile baridi ya Riyadh, na sikuwa nimeisikia tangu tulipomzika Mama.

Nyinyi mliokua enzi zile mnakumbuka. Kila boma lilikuwa na mtu Saudia. Maajenti walipita mpaka makanisani, na msichana wa jirani uliyemwona Jumapili, Jumapili iliyofuata unaambiwa ameshapaa. Wengi walienda wakaacha watoto. Sisi tulienda sote, na sijui tulifanya wema gani. Baba alipata kazi ya kuendesha basi la shule moja ya kimataifa Riyadh, Mama akachukuliwa shule hiyo hiyo kusaidia darasa la watoto wadogo. Mimi nikapewa ikama yangu, kadi ya ukaazi yenye picha nimenuna, na tukawekwa kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, karibu na mtaa wa Batha, ambako ukishuka chini unasikia kila lugha isipokuwa ya mamako.

Sasa lazima niwaambie Mama alikuwa nani. Mama alikuwa pointi faivu, nusu mzungu. Babake aliitwa Einar, Mnorwe aliyekuja upande wetu wa ziwa kuchimba visima, akampenda nyanya yangu, wakaishi pamoja. Gari lake lilipinduka kabla Mama hajazaliwa. Wenzake walikuja wakauchukua mwili, ukapandishwa ndege kwenda kwao, na hakuna aliyemuuliza yule msichana mwenye tumbo kubwa alikuwa nani wake. Jina la ukoo la Einar lilikuwa limemponyoka nyanya zamani. Alichobaki nacho ni koti moja, na ndani ya mfuko wa koti, glavu moja ya mkono wa kushoto.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya sufu nzito, na nyota kubwa mgongoni. Haikuwa na vidole. Ilikuwa na nyumba ya kidole gumba, na nyumba nyingine moja kubwa ya vilivyobaki. Nyanya aliiweka na kafuri maisha yake yote, akamwachia Mama, Mama akaja nayo Riyadh kwenye joto la kukaanga yai barabarani. Baba alimcheka kwenye uwanja wa ndege. "Mama watoto, Saudia na glavu ya barafu? Wataniuliza kama uko sawa."

Nilikuwa nikiivaa akiwa kazini. Na kwa sababu hakuna mtu aliyenieleza glavu kama ile ni za namna gani, mimi mwenyewe nilikata shauri: watu wa Norwe hawana vidole. Wangekuwa navyo, si wangevishonea? Niliwaza hivyo bila kushangaa hata kidogo. Niliona ni watu wa kuhurumiwa, ikabaki hapo.

Kilichonitia hofu ni ndoto. Mama alipokuwa na mimba yangu, alimwota mzee wa kike, mzungu, ameketi mwisho wa kitanda. Viatu vyake vimelowa. Mkono wa kulia ameuficha kwenye mikunjo ya sketi. Wa kushoto ameunyoosha, mtupu, kiganja juu, anasema maneno ambayo Mama hayaelewi. Alirudi tena na tena. Na sisi Waluo ndoto ya namna hiyo haina mjadala: marehemu anaomba mtoto aitwe kwa jina lake, na usipomwita, mtoto hatulii. Lakini nani alijua jina la mzungu wa ndotoni? Nilipozaliwa nililia mpaka wakatafutwa wazee. Wakataja majina ya wafu wote wa upande wa nyanya, mmoja mmoja, wakisubiri ninyamaze. Sikunyamaza. Mwishowe nikapewa jina la kanisani, na mzee mmoja akasema jambo ambalo baadaye watu wa nyumbani walilirudia mbele yangu kama hadithi ya kuchekesha: "Huyu ana kitu cha yule mzee wa kizungu. Mwenyewe atakifuata."

Kitu gani? Mimi nilijua. Natumia mkono wa kushoto. Nilikula nao, niliandika nao, na pale Riyadh kila mtu alinikemea kwa ajili yake. Mwalimu alinihamishia kalamu, wamama wa Batha walinipiga vidole nikipokea peremende, hata Baba alisema huo mkono utatuaibisha. Kila mtu alionekana kuukataa isipokuwa yule mzee, ambaye kwenye ndoto aliunyoosha wa kwake wa kushoto. Halafu ulikuwa na baridi. Kiyoyozi cha chumbani kilipulizia upande wa kitanda changu, sawa, lakini mkono wa kulia ulikuwa na joto wakati wa kushoto umekuwa kama umetolewa kwenye friji. Mama alikuwa akiusugua katikati ya viganja vyake. Nilimwona anavyotazama mwisho wa kitanda changu akidhani sioni.

Siku moja mchana ikaja dhoruba ya vumbi. Aliyekaa Riyadh anaijua. Anga inakuwa ya rangi ya chungwa, halafu ya udongo, taa za barabarani zinawaka saa nane mchana, na mji mzima unanyamaza. Mama alibana mataulo chini ya mlango. Mimi nilikuwa kitandani, nasikia mchanga unakwangua kioo. Ilipopungua nikavuta pazia nitazame nje.

Kioo kilikuwa kimefunikwa vumbi laini, na katikati ya vumbi kulikuwa na alama ya kiganja. Kwa nje. Ghorofa ya tatu, na hakuna roshani. Kilikuwa kiganja kipana chenye kidole gumba tu. Vidole vingine havikuwapo.

Nilipiga kelele, Mama akaja. Alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha akafungua dirisha, akatoa mkono na kitambaa, akafuta kwa nguvu.

"Ni njiwa," akasema. "Njiwa wakigonga kioo wanaacha vumbi."

"Njiwa ana kidole gumba?"

"Nimesema ni njiwa."

Jioni Baba alipoambiwa alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Mzimu aje Saudia? Kafili wake nani, nani amemdhamini? Apate ikama wapi? Hebu nipe chumvi." Kwa kweli Baba ndiye aliyenisaidia kulala miaka ile. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Yule mzee hana vidole. Mimi ninavyo. Kuna kitu changu ambacho ni chake, na sasa ameshajua tunaishi wapi.

Siwezi kusema Mama aliogopa. Mama alikuwa na kiu. Alitaka kitu kimoja duniani: mtu mmoja tu, wa kwa babake, amtazame usoni aseme huyu ni wetu. Nyanya alikufa akisubiri hilo. Shuleni, watoto wakichora nyumba zao, Mama alikuwa akikaa mezani nao akichora nyumba ya mbao, nyekundu, na mlima nyuma yake. Hakuwahi kuiona. Aliniambia mlango uko upande wa pili.

Hapo ndipo Aunty Adhiambo alipopiga simu. Adhiambo ni binamu wa Mama, upande wa nyanya. Alikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah, akimtunza mamake madam wake, ajuza aliyevunjika nyonga. Kila wiki dereva aliwapeleka kliniki, ajuza akanyooshwe miguu.

"Huyo anayemnyoosha ni Mnorwe!" Adhiambo alikuwa anapiga kelele mpaka Baba akasikia akiwa chooni. "Mrefu kama mlingoti wa stima. Anaitwa Berit. Nimemwambia nina binamu wa damu yenu, hakuamini. Chukua ile glavu yako uje. Yalla, usinipotezee muda, naongea nimejificha kwa pantri."

Mabasi ya Jeddah yalikuwa yanaondoka Batha. Tulienda mimi na Mama, na barua ya ruhusa ya Baba, na glavu ndani ya mfuko wa plastiki mapajani mwa Mama. Jangwa lilipita siku nzima. Niliukalia mkono wangu wa kushoto njia yote. Kila nilipouachilia niliuona umelala kwenye kiti kama wa mtu mwingine, nikaukalia tena.

Tulikutana Sharafiya, mtaa mmoja wa Jeddah, kwenye mkahawa mdogo wa Wahabeshi wenye vyumba vya familia vilivyofungwa kwa pazia. Adhiambo alikuwa amepewa ruhusa ya kutuma pesa nyumbani, na dereva wa madam alikuwa nje akimngoja. "Akipiga honi nimeenda," akasema, akamkumbatia Mama, wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena. Kisha pazia likafunguliwa, Berit akainama kuingia.

Mimi nilitazama mikono yake kwanza. Alikuwa na vidole. Vyote, kila mkono. Sikufurahi. Nilijiuliza amevipata wapi.

Mama aliitoa ile glavu na kuiweka mezani katikati ya vikombe vya chai. Berit hakuigusa mara moja. Alipoishika, aliipeleka puani, akafumba macho. Walizungumza Kiingereza, na Mama alikuwa akinitafsiria vipande vipande.

"Nani amekwambia ni ya babako?" Berit aliuliza.

"Ilikuwa mfukoni mwake."

"Hii si ya mwanaume." Akageuza pindo la mkononi. "Za wanaume hapa kwenye pindo huwa na mistari. Hii ina vitundu vya mapambo. Ni ya mwanamke, na amejifumia mwenyewe, tazama inavyobana hapa, amepima kwa mkono wake. Na nyota hii yenye kitone katikati, kwetu kila bonde lina yake. Nyanya yangu angekutajia kijiji." Akapiga picha kwa simu, mbele na nyuma, akasema atawatumia wamama fulani wa kule wanaofuma na kupashana habari kwenye mtandao. "Jina la Einar, na visima, na Afrika. Kama kuna mtu, watajua. Ni mabonde ya watu wachache, hawana kazi nyingine ila kujuana."

"Kama kwetu tu," Adhiambo akasema.

Tulilala kwa rafiki ya Adhiambo hapo hapo Sharafiya, na kesho yake mchana tukarudi mkahawani, Berit akaja na kompyuta yake, uso umekuwa mwekundu. Adhiambo naye alikuwa ametoroka tena. Kisingizio cha siku ile sikumbuki. Berit alifunga pazia. Kwenye kioo cha kompyuta kulionekana jiko, na dirisha lenye theluji nje, na mwanamke mwenye nywele nyeupe ameketi wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Alikuwa Gudrun, dadake Einar.

Alimtazama Mama. Aliweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kutetemeka.

"Anasema paji la uso," Berit akatafsiri. "Anasema hilo ni paji la uso la Einar. Walijua amekufa. Hawakujua ameacha mtu."

"Mwambie nipo," Mama akasema. "Mwambie nimekuwepo siku zote." Alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimemkimbia, ikabidi Adhiambo amwambie Berit.

Gudrun akaomba aoneshwe glavu. Mama akaiinua. Kisha Gudrun akaanza kuzungumza polepole, na maneno yakawa yanapita kwa Berit, halafu kwa Mama, mpaka yanifikie mimi niliyekuwa nimebanwa kwenye kona.

Mama yao alikuwa amejifumia pea moja ya glavu. Einar alipoondoka kwenda Afrika, akamtilia ya kushoto mfukoni, akabaki na ya kulia. Glavu moja haina kazi, alimwambia, kwa hivyo itakubidi urudi. Mwili ulirudi. Mfukoni hamkuwa na kitu. Mama yao aliitafuta kwenye sanduku kwa mikono yake, mbele ya watu, wakamvuta. Kila majira ya baridi aliivaa ile moja, na mkono wa kushoto akauacha hivi hivi kwenye theluji, na wanawe wakimwambia ataumia, anasema umezoea. Alizeeka sana. Alipokufa walimzika nayo, kama alivyotaka. Mkono wa kulia umevaa, wa kushoto mtupu.

"Alikufa lini?" Mama aliuliza.

Gudrun akataja. Ilikuwa mwaka niliozaliwa, miezi michache kabla yangu.

"Woi!" Adhiambo akasimama akaangusha kikombe. Alikuwa anaijua ndoto. Wote tuliijua. Mama alishika meza kwa mikono miwili.

Sikuweza kuvumilia tena. Niliunyoosha mkono wangu wa kushoto mbele ya kompyuta, nikasema kwa sauti, "Mwulizeni kama anautaka."

Ilibidi Mama ajue ninasema nini kwanza. Nikamwambia yote, vidole, dirisha, yule mzee wa kijijini na maneno yake. Nilipomaliza, Mama alikuwa ananitazama kama amenikanyaga bila kujua. Akamwambia Berit, Berit akamwambia Gudrun. Gudrun akasogea mpaka uso ukajaa kioo.

"Anasema hapana, mtoto," Berit akatafsiri. "Mama yake hakuwahi kutaka mkono wa mtu. Alitaka glavu yake."

Nililia mpaka nikatapika chai. Adhiambo alinifuta kwa buibui yake, huku anacheka na kunisonya. "Mjinga wewe. Miaka yote hiyo umekalia mkono?" Kisha akamgeukia Berit akauliza jina la marehemu. Ragnhild. Adhiambo akalijaribu mara kadhaa likamshinda, akanishika kichwa hata hivyo, akaniita nalo vibaya vibaya, kama wazee wangefanya siku ile niliyozaliwa wangelijua.

Nje honi ikapigwa. Berit akasema haraka kwamba anaenda likizo kwao Krismasi, anaweza kuibeba glavu, aifikishe kwa Gudrun mkono kwa mkono. Mama akaivuta kifuani.

"Hapana. Nitaipeleka mwenyewe. Nikiituma, nitarudi kwa sababu gani?"

Nilikuwa mtoto, lakini neno hilo nililisikia. Kurudi. Mama hakuwahi kufika Norwe hata siku moja, na hakuna aliyemkosoa.

Hakwenda. Siwezi kulipamba. Aliomba viza, wakamnyima, wakasema hawana hakika kwamba atarudi Kenya. Mama alicheka siku hiyo mpaka akakohoa. Mwaka uliofuata shule ikabadilisha wenyewe, mkataba halas, tukatiwa muhuri wa kutoka na masanduku yetu. Gudrun aliendelea kupiga simu kila Jumapili, wakikaa wanatazamana tu mara nyingi, hawana lugha, mpaka Jumapili moja simu ikapigwa na mtu mwingine, kusema Gudrun hayupo tena. Mimi nikasoma, nikaolewa. Glavu ilikaa kwenye droo na kafuri. Mama akaugua mwaka jana, na katika siku zake za mwisho, joto lote lile la ziwani, alikuwa analalamika mkono wa kushoto una baridi. Mimi ndiye niliyeusugua.

Tulipokuwa tunamvisha, niliitoa ile glavu. Wamama wa ukoo walikataa. Glavu moja? Watu watasemaje, kwamba mmekosa hata ya pili? Adhiambo, ambaye alikuwa amesharudi kutoka Jeddah akiwa na mgongo mbovu, akawaambia, "Mwacheni. Huyu ana safari." Nikaivisha mkono wa kushoto, ikaingia kama imepimwa. Nikamwinamia nikamwambia ipeleke mwenyewe basi, kama ulivyosema. Na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kurudi kwenye ile nyumba nyekundu yenye mlango upande wa pili, na sijui nianzie wapi kumweleza mume wangu.

Sasa, ile juzi ya mvua. Niliwaambia niliamka nikalia. Sikuwaambia nilichokuwa nakiona kabla ya kuamka. Mama alikuwa ameketi mwisho wa kitanda changu. Viatu vyake vimelowa, na si kwa mvua, vilikuwa na weupe weupe kwenye soli. Nilijua akija hivyo anaomba jina, na nikamwambia, Mama, jina ni lako, usihangaike. Akatabasamu. Ndipo akainua mikono aniletee kwenye tumbo, ile mikono yake, nikaitazama.

Yote miwili ilikuwa imevaa, pea nzima.